Uzoefu wangu na rivolva mpya za bei nafuu, kwa sisi wa Dar

Swali ni hili: rivolva mpya za bei nafuu, yaani bastola zenye silinda ya risasi inayozunguka, zinafaa? Nianze na jibu, maana najua wengi ndilo wanalolitafuta. Ndiyo, rivolva mpya za bei nafuu zinafaa. Mimi ninamiliki Taurus 856 ya stenlesi (chuma kisichoshika kutu haraka), mtutu inchi 3, inayobeba risasi sita za aina ya .38 Special, na sina mpango wa kuibadilisha. Ila kwa anayeishi Dar es Salaam kuna mambo mawili yanayozidi jina la kampuni: silaha imetengenezwa kwa chuma gani, na ile moja utakayokabidhiwa wewe dukani imekaaje. Mabishano mengi ya wadau yanahusu jina. Hayo mawili yanatajwa kwa nadra.

Nina duka la jumla huku Mbagala na kuna siku nafunga usiku nikiwa na mauzo mkononi. Leseni yangu iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Safari ya kuipata ilianzia kwa watu wa mtaa wangu ikapanda hadi polisi, na ilichukua muda wake. Naona ni sawa ichukue muda. Anayetafuta njia ya mkato kwenye jambo hili asiniulize, sitamsaidia.

Kuhusu bei, tusidanganyane. Ukisoma kwamba huko Marekani Taurus 856 inauzwa chini ya dola 400, usitembee na hiyo hesabu kichwani hadi duka la silaha la hapa mjini. Usafirishaji, vibali na kodi vinaipandisha sana. Hata hivyo ngazi zinabaki zilezile. Colt wa Marekani waliporudisha rivolva yao ya Python mwaka 2020 waliitoa kwa dola 1,499. Ikishafika huku, hiyo ni ya mwenye uwezo wake. Chini kabisa ya ngazi hiyo ndiko zilipo hizi tunazozungumzia: Taurus 856, Rossi RP63 ya risasi za .357 Magnum yenye mtutu wa inchi 3, ndugu yake RM66 wa inchi 6 kwa anayependa shabaha za uwanjani, Charter Arms za Marekani, na Armscor za Ufilipino. Heritage Rough Rider ni nafuu kuliko zote, lakini ile ni ya risasi ndogo za .22, ya kurudisha nyundo kwa kidole kila unapotaka kupiga. Ni nzuri sana ya kujifunzia, siyo ya kujilinda.

Sasa hilo suala la jina. Wadau wa zamani wakisikia Taurus wanakunja uso, na wana sababu: kulikuwa na kesi kubwa Marekani iliyoishia kwenye makubaliano mwaka 2015. Lakini soma vizuri kesi ile ilihusu nini. Zilikuwa aina tisa za bastola za magazini, zile zinazojazwa risasi kwa kisanduku kinachoingia kwenye mpini. Rivolva hazikuwemo. Kiwanda hicho cha Brazil kilianza mwaka 1939, na katika miaka ya 1970 hisa zake nyingi zilishikwa na kampuni ileile ya Marekani iliyokuwa ikimiliki Smith & Wesson. Ndiyo maana ukiziweka rivolva zao mezani pamoja, silinda inafunguka kwa namna moja na inazunguka upande mmoja. Rossi nayo ni ya Brazil, ya tangu 1889, na siku hizi iko mikononi mwa Taurus. Kwa hiyo anayesema "mimi Taurus hapana, nachukua Rossi" anazunguka nyumba ileile.

Kwenye uwanja wa shabaha ninakokwenda kuna afande mstaafu anayetusimamia. Siku niliyofika na hii yangu nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaipokea, akafungua silinda akahakikisha iko tupu, akapitisha na kidole kwenye kila tundu ingawa macho yalishaona. Kisha akaiweka risasi ya mazoezi, ile isiyo na baruti, akaniambia: "Mwanangu, usiivute triga kwa pupa. Ivute moja kwa moja bila kusimama katikati, uisikie silinda ikijifunga kabla nyundo haijaanguka." Hapo ndipo nilipoelewa rivolva. Kwenye bastola ya magazini kazi kubwa inafanywa na moto wa risasi iliyotangulia. Kwenye rivolva kazi yote ni ya kidole chako: kinairudisha nyundo, kinaizungusha silinda, kisha kinaiachia nyundo. Ndiyo maana triga ni nzito, na kwenye hizi za bei nafuu uzito huo unausikia zaidi kwa sababu vyuma vya ndani havikusuguliwa kwa mkono kama vya zile za bei mbaya.

Uzito wenyewe siuoni kuwa tatizo. Ninachokitafuta ni ulaini wa mwendo. Triga nzito inayokwenda sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho unaizoea. Triga inayokwama katikati kisha ikaruka itakupeleka kushoto kila siku, hata ikiwa nyepesi. Yangu inakwenda sawasawa, na imezidi kulainika kadiri ninavyoifanyia mazoezi nyumbani kwa zile risasi bandia, silaha ikiwa imekaguliwa na risasi halisi zikiwa chumba kingine. Kwa mita 7 risasi zangu zote zinakaa ndani ya kiganja. Kwa mita 15 zinatawanyika, na hapo ni mimi, siyo yenyewe, maana afande akiishika zinarudi kukusanyika.

Dukani sasa, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Rivolva mbili za kiwanda kimoja, zilizotoka wiki moja, zinaweza kutofautiana. Kwenye bei hii ukaguzi wa kiwandani hauwezi kuwa kama wa silaha ya dola 1,500, kwa hiyo sehemu ya ukaguzi inabaki kwako. Muombe muuzaji ruhusa, mhakikishe wote wawili kwamba iko tupu, kisha irudishe nyundo polepole sana kwa kidole gumba huku umeigusa silinda kidogo kwa mkono wa pili. Silinda inatakiwa ijifunge, utasikia "tik", kabla nyundo haijafika mwisho au vinapofika pamoja. Nyundo ikikaa huku silinda bado inataka kusogea, irudishe kwenye kabati. Fanya hivyo kwa matundu yote sita. Usiridhike na mawili ya kwanza, kwani tundu moja baya linatosha kurusha vipande vya risasi pembeni.

Kisha iinue kwenye mwanga uangalie ule mwanya kati ya silinda na mtutu. Lazima uwepo, lakini uwe mwembamba, kama sehemu ya kumi hadi robo ya milimita, na uwe sawa pande zote. Isukume silinda mbele na nyuma. Ikicheza waziwazi, hiyo siyo mpya ya kulipia fedha yako. Muuzaji mwenye heshima hatakasirika. Mmoja aliniona nikikagua hivyo akanong'ona kwamba "wateja hawafanyagi hivi", nami nikaaga kwa adabu nikaenda duka jingine.

Na tafadhali, usiifunge silinda kwa kuitupa kwa mkono mmoja kama wanavyofanya kwenye sinema. Ule mkono mwembamba unaoishika silinda unapinda, na ukishapinda huo mwanya tuliouzungumza unaharibika.

Nakuja kwenye jambo ambalo wadau wa Texas na Arizona, kule Marekani, hawawezi kutusaidia. Hewa ya Dar. Hapa tunaishi na bahari. Unyevu haushuki, jasho halikauki, na ikifika masika hata bawaba za milango zinaota kutu. Silaha inayokaa kiunoni, chini ya shati, kwenye joto la nyuzi 32, inaogeshwa maji ya chumvi kutwa nzima. Zile nyeusi za bei nafuu, ambazo ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi nyembamba, zinapendeza sana dukani. Shemeji yangu alichukua nyeusi, kampuni siitaji, kwa sababu ilikuwa nafuu kidogo. Haikumaliza masika moja. Kutu ilianza kwenye vijishimo vya silinda, vidoti vya rangi ya chai, ikahamia pembeni ya triga na kwenye skrubu za mpini. Naye si mzembe, anaifuta. Yangu ya stenlesi, inayoishi maisha yaleyale, bado ni safi. Stenlesi nayo inaweza kushika kutu ukiitelekeza, ila inakupa nafasi ya kukumbuka. Tofauti ya bei kati ya nyeusi na stenlesi ndiyo fedha nzuri kuliko zote unazoweza kuongeza kwenye ununuzi huu.

Usiilaze kwenye ala ya ngozi. Ngozi inanyonya jasho na ina chumvi za kiwandani ndani yake. Ikirudi nyumbani itoe, ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya silaha, iweke kwenye kasiki ya chuma iliyofungwa ukutani, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda na kunata.

Baada ya kupiga, kuna sehemu moja ambayo watu wengi hawaisafishi. Silinda ikifunguka, sukuma ile fimbo ya kutolea maganda, utaona nyuma inachomoza nyota ya chuma. Chini ya nyota hiyo zinaingia chembe za baruti isiyoungua, ndogo kama chenga za pilipili manga. Chembe mbili tatu tu zinatosha nyota isirudi mahali pake, na hapo silinda itakuwa ngumu kuzunguka au itagoma kabisa kufunga. Brashi ndogo, mtutu ukiangalia juu ili uchafu uanguke chini, kazi imekwisha. Nimeshaona mtu uwanjani akiilaani silaha kwamba ni mbovu kumbe tatizo lilikuwa hapo, na ilipopigwa brashi ikarudi kufanya kazi.

Kuhusu mtutu, kati ya inchi 2 na inchi 3 mimi siyumbi. Ya inchi 2 inajificha vizuri, lakini fimbo yake ya kutolea maganda ni fupi, haiyasukumi hadi nje, na maganda yaliyovimba unabaki unayachomoa kwa kucha. Ya inchi 3 inayatoa yote kwa mpigo mmoja, na kilengeo cha mbele kinakaa mbali zaidi na jicho, kwa hiyo kulenga ni rahisi. Uzito wake, kama gramu 700 ikiwa tupu, unapunguza teke bila kukuchosha kiuno.

Risasi. Rivolva ya .357 Magnum inakubali pia .38 Special, kwa sababu unene wa risasi yenyewe ni mmoja na ganda la .357 limerefushwa kwa zaidi kidogo ya milimita 3. Kinyume chake hapana: .357 haiingii kwenye silaha ya .38, na urefu huo uliongezwa makusudi isiingie. Kwa hiyo RP63 inakupa uchaguzi mpana, na mdau mwenzangu anayo na anaipenda. Lakini .357 kwenye mtutu mfupi ni kishindo na moto wa kukufanya ufumbe macho. Hata yeye mazoezi anafanya kwa .38. Na wale waliorithi Webley, rivolva za Kiingereza za .38 za enzi za Mwingereza, wasidanganywe na namba. Risasi ya Webley ni fupi na nene kidogo, siyo .38 Special. Afande aliyeanza kazi na Webley kiunoni analirudia hilo kwa kila mgeni. Kabla hujalipia chochote, muulize muuzaji ana risasi gani kwa mwaka mzima, siyo leo tu.

Mapungufu yapo. Sita ni sita, na kujaza tena ni polepole hata ukiwa na kile kidude cha duara kinachoshika risasi zote. Bastola nyingi za magazini zinabeba zaidi ya mara mbili na ni bapa kiunoni. Rivolva inanilipa kwa jambo jingine: risasi ikigoma, navuta tena inakuja nyingine, sina magazini ya kupiga kofi wala kitufe cha usalama cha kukumbuka. Kwa mtu asiyekwenda uwanjani kila wikendi, kama mimi, hilo lina uzito mkubwa.

Neno kwa wanaotaka kulainisha triga. Kuna mafundi watakaokuambia wakate springi ya nyundo, dakika kumi tu. Usikubali. Springi ikilegea, nyundo inagonga kitako cha risasi bila nguvu, na risasi zenye kitako kigumu hazitawaka. Mpelekee fundi wa silaha mwenye kibali, avisugue vyuma vinavyogusana na springi aiache kama ilivyotoka kiwandani.