Smersh juu ya paa: mkanda wa kijeshi wa Kirusi kwa fundi wa sola

Mimi hufunga sola hapa Mombasa, na juu ya paa mikono miwili haitoshi. Ndipo nikanunua Smersh, mkanda wa Kirusi wenye kanda za mabegani na mifuko kiunoni. Wangu ni wa kuigizwa, si wa kiwanda cha Urusi, rangi ya zeituni tupu. Wa mabaka sikuugusa: hapa Kenya ni kosa raia kuvaa nguo zinazofanana na za jeshi, nami sina hamu ya kujieleza kwa askari pale daraja la Nyali.

Mifuko ya magazini (vibebea risasi) za bunduki ya AK inameza betri za drili vizuri mno. Uzito unakaa nyongani, mabega yanapumua, na kwa kuwa kifua ki wazi, jua la saa saba linavumilika. Ila hewa ya chumvi haina simile: bizimu za chuma zimeshaota kutu, za plastiki zi salama.

Na Gorka, koti la kijeshi la Kirusi nililouziwa pamoja na mkanda? Balaa. Lilibuniwa kukinga upepo wa milimani. Mombasa ni tanuri. Nimempa shemeji yangu wa Limuru, kalifurahia huyo! Mkanda simpi mtu.