Mbegu za waridi la jangwani kutoka kitalu kimoja cha Tanga: zinaota vizuri, lakini usilipie rangi

Katika vitalu vya maua vya miji ya pwani, waridi la jangwani huuzwa zaidi likiwa limekwisha kuchanua, na bei yake huwa juu kuliko ya maua mengi yanayopangwa kando yake. Kitalu ninachokieleza hapa, kilichoko pembezoni mwa jiji la Tanga, kinauza pia mbegu za ua hilo, na kwa maoni yangu ni mbegu hizo, kuliko miche yake, zinazostahili safari ya mteja. Pakiti ni ya karatasi ya kaki, ina mbegu 10 na inauzwa shilingi 5,000, na juu yake imeandikwa kwa mkono tarehe ambayo ganda la mbegu lilipasuka. Tarehe hiyo ndiyo thamani kubwa ya pakiti, kwa sababu mbegu za waridi la jangwani huota kwa wingi zikiwa mpya, na uwezo wake hupungua kadiri miezi inavyopita, hasa zinapohifadhiwa penye joto na unyevu.

Ua hili, ambalo kwa jina la kitaalamu huitwa Adenium obesum, asili yake ni nyika kavu za Afrika, zikiwemo za kwetu Afrika Mashariki, pamoja na Uarabuni. Likiwa bustanini mara nyingi huchanua pasipo kushika mbegu, kwa kuwa chavua yake imefichwa ndani kabisa ya koo la ua, mahali ambapo wadudu wengi hawafiki. Kwa hiyo mama mwenye kitalu huyachavusha maua yake mwenyewe kwa brashi nyembamba, na humruhusu mteja asimame kando atazame. Ua likishika, hutokea maganda mawili yaliyoungana kitakoni, marefu na yaliyopinda kama pembe za mbuzi, ambayo huchukua miezi kadhaa kukomaa. Yanapoanza kupoteza ubichi wake na kugeuka rangi, yeye huyavika kipande cha chandarua na kuyafunga kwa uzi, maana ganda likipasuka ubavuni, mbegu hupeperuka zote, kila moja ikiwa na shungi la manyoya katika ncha zake mbili.

“Usilikate likiwa bichi, mwanangu,” aliniambia nilipomuuliza kuhusu ganda la mti wangu wa nyumbani. “Lingoje lipasuke lenyewe ndani ya neti.” Ushauri huo ni sahihi kabisa, na si wauzaji wengi wanaoutoa, kwa sababu anayejua kukusanya mbegu zake mwenyewe hatarudi kununua.

Nilizimimina mbegu kwenye sahani nyeupe kabla ya kuzipanda. Zilikuwa za kahawia, nyembamba mithili ya vijiti, zenye urefu wa sentimita moja hivi, na nilipozibana kwa ukucha zilikuwa ngumu na zimejaa. Mbegu iliyo tupu ndani hubonyea papo hapo. Maelekezo ya kupanda anayatoa kwa mdomo tu, lakini yanatosha: mchanga wa mtoni usio laini sana uchanganywe na samadi kidogo iliyooza, mbegu ilazwe badala ya kusimamishwa, ifunikwe kwa mchanga kiasi cha kutoonekana, na maji yanyunyizwe pasipo kutuama. Kwa joto la pwani, mbegu mpya huanza kuota ndani ya juma moja, na zangu zilifuata kanuni hiyo kwa sehemu kubwa. Baada ya hapo maji yapunguzwe, kwani miche michanga ya ua hili huoza upesi kuliko inavyokauka. Mche wa mbegu una faida ambayo mche uliooteshwa kwa kipande cha tawi huikosa, nayo ni shina lililovimba chini, ambalo wapenzi wengi wa ua hili hulitafuta kabla hata ya maua.

Lawama yangu inahusu pakiti za bei ya juu zaidi zenye maandishi “nyekundu iliyoiva” au “nyeupe tupu”. Mbegu hubeba urithi wa wazazi wawili, na katika kitalu ambamo maua ya rangi mbalimbali yanachavushwa kwa brashi, mtoto anaweza kuchanua rangi tofauti kabisa na ya mama yake. Anayetaka rangi maalumu anunue mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na tawi la mti wenye rangi hiyo, ambao kitalu hiki kinao na ni mzuri. Kuuza ahadi ya rangi ndani ya mbegu si haki kwa mteja atakayesubiri mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuona ua la kwanza, na inasikitisha kulikuta jambo hilo kwa muuzaji makini kiasi hiki.

Pia pakiti haina onyo lolote kuhusu utomvu. Utomvu wa mti huu ni sumu, na wawindaji wa sehemu mbalimbali za Afrika waliutumia kupaka mishale. Anayekata matawi au kuhamisha miche avae glavu, na vyungu vya maua viwekwe mbali na watoto wadogo na mbuzi. Nilimwomba mama aongeze onyo hilo chini ya tarehe, naye alikubali. Pakiti za mchanganyiko wa rangi, zile za shilingi 5,000, ninazipendekeza bila kusita hata kabla hajafanya hivyo.