Stellenbosch na Franschhoek siku moja? Msikubali

Nina hasira na ofisi moja ya safari hapa Posta, sifichi. Walituuzia siku ya kuonja mvinyo Stellenbosch na Franschhoek, karibu na Cape Town, Afrika Kusini: "mabonde mawili, mashamba sita". Nikauliza kwa nini sita. Dada wa kaunta akajibu macho yakiwa kwenye simu: "Kaka, mvinyo ni mvinyo tu, hata Dodoma upo."

Ingekuwa hivyo ningepanda treni nikaenda Dodoma.

Fanyeni hesabu. Shamba moja hukumiminia aina tano hivi, kila moja kama mililita 30. Mashamba sita ni mililita 900, na chupa nzima ni 750. Ukimeza badala ya kutema kwenye ndoo wanayokuwekea, umemaliza chupa na ushee. Matatu yanatosha, kila moja lipewe saa nzima, na mkate na maji katikati.

Kilichoniuma zaidi ni mpangilio. Tulianzia Stellenbosch, kwenye Cabernet Sauvignon na Pinotage, mvinyo mwekundu wenye ukakasi unaoganda kwenye ulimi na fizi kama umekula bibo. Saa tisa alasiri ndipo tunavushwa mlima wa Helshoogte, kilomita kama 30, kwenda Franschhoek, kunakosifika kwa Semillon, mvinyo mweupe, na kwa Cap Classique, mvinyo wa mapovu unaochachushwa mara ya pili ndani ya chupa yake. Kwa ulimi ule, mapovu yalikuwa maji ya ndimu! Mwepesi hutangulia mzito, mweupe hutangulia mwekundu. Anayeuza safari za mvinyo bila kujua hilo anauza nini?

Nilikwisha kuandika kwamba Franschhoek haina kitu. Nimefuta, maana kosa si la bonde. Tena kwa mtu wa Dar asiye na dereva, Franschhoek ndiyo ya kwenda: kuna tramu na mabasi yanayozungusha wageni shamba hadi shamba, unashuka, unaonja, unapanda linalofuata. Stellenbosch mashamba yametawanyika, Simonsberg huku, Helderberg kule, bila gari hufiki, na kuendesha ukiwa umeonja ni kujitafutia kesi. Mpenzi wa mwekundu mzito alale huko usiku mmoja, akodi dereva. Ukibanwa kabisa ufanye yote siku moja, anza Franschhoek saa nne asubuhi, kwenye mapovu, ndipo uvuke mlima.

Chupa za kurudi nazo ziviringishe kwa nguo, ziingie kwenye begi kubwa linalokwenda chini ya ndege. Ukizibeba mkononi kutoka shambani, ukaguzi wa uwanjani utazichukua.

Niliporudi nikaomba nirudishiwe walau nusu ya pesa ya siku ile. Dada yule yule: "Sita mlifika, hamkufika?"

Tulifika. Kwenye mawili ya mwisho tulimiminiwa huku viti vinapandishwa juu ya meza.