Possible Musics ya Jon Hassell: Ununue Toleo Lipi?

Kwa mwenye haraka: chukua CD ya albamu hii ya mwaka 2014, iliyotolewa upya na kampuni ya Glitterbeat ya Ujerumani. Wapenzi wa santuri huenda wakanuna, lakini asili ya muziki wenyewe ndiyo inayoamua.

Hassell, mpiga tarumbeta mzaliwa wa Memphis aliyefariki 2021, alisoma kwa mtunzi wa muziki Karlheinz Stockhausen kule Cologne, Ujerumani, kisha akajifunza uimbaji wa raga, yaani muziki wa jadi wa Kihindi, kwa Pandit Pran Nath wa India. Somo hilo la pili ndilo lililogeuza upulizaji wake. Katika albamu hii, aliyoitoa na mwanamuziki Mwingereza Brian Eno mwaka 1980, tarumbeta haipasui anga kama ya bendi ya jeshi. Inanung'unika na kuteleza kati ya noti, na mitambo ya kielektroniki inaizidisha mpaka unadhani watu kadhaa wanaimba kwa pumzi moja. Nyuma yake Naná Vasconcelos wa Brazil na Aïyb Dieng wa Senegal wanagonga ngoma kwa upole mkubwa.

Upande wa pili wote wa santuri ni kipande kimoja, "Charm", cha zaidi ya dakika 20, kilichotandazwa juu ya msingi ambao Hassell aliuita "Burundi Cloud". Tega sikio hapo: hewa inapita kwenye mdomo wa tarumbeta kabla noti haijashika, na inabaki kidogo baada ya noti kuisha. Uzuri wa albamu umekaa kwenye pumzi hizo. Sindano ikianza kukwaruza, zinafunikwa.

Ndiyo maana CD naipa nafasi ya kwanza. Haina kelele, ni nyepesi kuituma kwa posta, na joto la Dar au Mombasa haliipindi kirahisi kama santuri.

Ya pili ni faili la FLAC (faili la kompyuta linalohifadhi sauti bila kuipunguza) la toleo hilohilo. Sauti haipungukiwi na kitu. Unachokosa ni jalada la kushika mkononi tu. Kama huna tena mashine ya CD, anza na hili bila wasiwasi, ila usisikilize kwa spika ya simu, maana besi yote itapotea. Tafuta hedifoni nzuri.

Santuri mpya ya 2014 naipa nafasi ya tatu, na kwa mwenye mashine nzuri iliyorekebishwa vizuri inaweza kupanda hadi ya kwanza.

Santuri asilia ya 1980, yenye nembo ya kampuni ya Editions EG, inakuja ya nne. Ni kumbukumbu nzuri kwa mkusanyaji, lakini usilipe kabla ya kuona upande wa pili. Uinamishe chini ya taa kali, au mwombe muuzaji picha iliyopigwa hivyo. Mikwaruzo ambayo rekodi ya dansi ingeimeza, hapa utaisikia yote.

Huduma za kusikiliza mtandaoni ni za kuonjea tu, na matangazo katikati ya "Charm" ni dhuluma.

Ukikuta CD imekwisha sokoni, usikubali bei ya walanguzi. Tafuta Vernal Equinox, albamu yake ya miaka ya sabini iliyotolewa upya 2020 na lebo yake mwenyewe, Ndeya. Humo kuna "Viva Shona", ambamo tarumbeta inazungumza na mbira, ala ya Washona inayopigwa kwa vidole.