Cherehani ya kukanyaga kutoka Kibuye, miezi nane bila TV

Wacha nianze na bei ju najua ndo wengi mnatafuta: shilingi 9,500, pale soko la Kibuye hapa Kisumu. Muuzaji alianzia 13,000, nikaondoka mara mbili akaniita mara mbili, ya tatu nikasema sirudi na hapo ndo akakubali. Ni ya mitumba, ile ya miguu ya chuma na meza ya mbao. Jina la kampuni lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya dhahabu lakini limefutika zimebaki herufi mbili tu, kwa hivyo msiniulize ni ya nani. Nilichojua siku hiyo ni kwamba ni nyeusi na ni nzito, mpaka mwenye tuktuk aliiangalia akaongeza mia kabla hata sijapanda.

Venye tulifika hapo ni hivi. Aprili 2025, hizi mvua zetu za jioni za Kisumu, radi ilipiga karibu na ploti yetu hapa Manyatta na TV ikazima, haikuwaka tena. Fundi akafungua akasema bodi imeungua na skrini nayo iko njiani kufa, kutengeneza ni karibu sawa na kununua ingine. Pesa nilikuwa nayo, sitadanganya. Lakini mama yangu alikuwa amekuja kutoka Kendu Bay kuonwa macho, akakaa nasi ile wiki ya kwanza ya kimya, siku ya nne akaniuliza, "Kwani nyumba nzima hii hamna cherehani?" Mama alishonea watu yunifomu miaka mingi kabla sijazaliwa. Kusema ukweli nilinunua hii kitu kumfurahisha, sikuwa na plani yoyote ya kulea watoto bila TV, hizo ni za watu wako na bustani.

Wale mnakumbuka Februari 2015, serikali ilipozima matangazo ya TV ya analogi na stesheni kubwa zikapotea karibu wiki tatu, mnajua nyumba inavyokuwaga. Siku za kwanza watu wanazunguka kama kuku amenyeshewa, baadaye wanaanza kuongea, halafu TV inarudi na mazungumzo yanaishia hapo. Safari hii haikurudi.

Sasa cherehani yenyewe. Makosa yangu kwanza ndo msirudie. Muuzaji aliijaribu mbele yangu kwa kipande cha pamba laini chenye alikuwa nacho tayari, uzi umeshatiwa, ikashona mstari mnyoofu kama rula. Akaniambia, "Omera, hii ni chuma ya kitambo, utaachia wajukuu." Nikafika nyumbani nikaweka suruali ya jinzi ya kijana, ikaruka nyuzi tatu nne, ikakata uzi, ikanyamaza. Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Sindano yenyewe ilikuwa namba 11, ya vitambaa vyepesi. Ya nguo za kawaida ni 14 na ya jinzi ni 16, na hizo zote ukiuliza wauza nyuzi wanazo kwa bei ya chai. Kwa hivyo ukienda kununua beba vitambaa vyako kutoka nyumbani, kimoja chepesi kimoja kizito, na utie uzi wewe mwenyewe pale pale. Halafu fungua pale chini uone kama kikasha cha bobini, kale kagurudumu ka uzi wa chini, kiko, changu hakikuwa kile chake, kilikuwa kimelazimishwa, nikaongeza 250 kutafuta kingine. Mkanda wa ngozi nao ulikuwa umelegea, ukikanyaga gurudumu la chini linazunguka la juu limetulia tu linakuangalia. Ule unakatwa kidogo na kuunganishwa tena na kile kipini chake cha waya, ni kazi ya dakika tano, lakini hakuna mtu aliniambia, nilikaa siku mbili nikidhani nimeuziwa meza.

Kitu kingine mama alinifunza na sijawahi kusikia popote: uzi ukijikunja kunja chini ya kitambaa kama tambi, usianze kupigana na bobini. Shida mara nyingi iko juu, uzi wa juu haukuingia vizuri kwa zile sahani mbili za kukaza, ama umelegezwa sana. Inua lile guu la kukandamiza kitambaa, toa uzi wote, tia upya kutoka mwanzo. Mara nane kwa kumi hiyo ndo dawa kwetu.

Watoto waliingia kwa mlango wa nyuma. Mama haoni tundu la sindano, kwa hivyo msichana wangu wa miaka tisa akawa ndo mtia uzi rasmi, na baada ya wiki akaanza kudai malipo. Malipo yake ilikuwa kukanyaga. Mama alikataa kumpa kitambaa. Alitoa uzi wote, akachana karatasi ya daftari la hesabu, ile ya mistari, akamwambia fuata mstari na sindano tupu. Ile karatasi ilitoka na vitundu vinatambaa kama siafu wamepotea njia, vinaanza kwa mstari wa kwanza vinaishia wa nne. Akapewa ingine. Tena ingine. "Nyathina, mwanangu, ni mguu wako unakimbia, si mashine." Ukweli shida ya mtu anayeanza ni mguu, ukianza vibaya gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika, lazima mkono wa kulia uanzishe gurudumu ndo mguu ufuate. Karatasi ya kumi na moja ndo ilikubaliwa na iko ukutani mpaka sai, mahali TV ilikuwa.

Jioni sasa ndo kuna raha yake. Mama anashona huku anatoa sigana, hadithi za kwetu Wajaluo, na ya kwanza ilikuwa Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la kwao karibu na Kendu Bay, ile hadithi ya bibi kizee aliyefika kijijini usiku watu wakiwa kwa sherehe wakamfukuza, na mvua ikashuka kijiji kikazama. Mnaijua. Lakini hamjaisikia na cherehani. Anakanyaga polepole wakati bibi anatembea, sherehe ikianza anaongeza, tak-tak-tak-tak, na akifika pale mlango unafungwa bibi akiwa nje, anaachilia mguu. Kimya. Halafu anauliza nani ako na makasi. Watoto wangu waliimaliza hiyo hadithi macho wazi mpaka saa nne usiku, na kesho yake wakitoka shule wakaitaka tena.

Kukosa TV kuliniuma, msidhani mi ni malaika. Agosti wakati wa CHAN, ile michuano ya mpira ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ikiwa hapa kwetu, nilikuwa mgonjwa kabisa. Tuliwachapa Morocco 1-0 nikisikiliza kwa redio, nikapiga nduru na jirani yangu mwenye TV akapiga yake sekunde chache baadaye, hapo nilisikia raha kidogo. Ile robo fainali na Madagascar, penalti zinapigwa, kijana wangu alikuwa anashona mto wa kiti na masikio yote kwa redio. Tulipotolewa akasimama na mto ukasimama naye. Alikuwa ameshona mkono wa shati lake ndani ya mto. Huo mto hatujautengeneza, wageni wakiuliza kwa nini una kipande cha shati ya shule tunawaambia ni Madagascar.

Hasara ziko. Inapiga kelele, na kwa ploti kuta ni nyembamba, jirani alibisha ukuta mara mbili tukakubaliana mwisho ni saa tatu na nusu. Inataka mafuta karibu kila wiki ukiitumia sana, na mafuta yakimwagika kwa kitambaa cheupe pole yako. Na mi mwenyewe nilijidunga, sindano ikapita kwa kucha ya kidole cha shahada, nilikuwa nimegeuka kumjibu mtu. Watoto wadogo msiwaache nayo peke yao, tunatoa mkanda tukienda kulala.

Faida ya pesa ni ya kawaida tu, msitarajie muujiza. Zipu ya 50 na kupinda suruali tunafanya wenyewe, mapazia ya sebuleni tulishona, na kijana anapindia wa kwa ploti longi kwa 30, pesa anaficha kwa rola tupu ya uzi anadhani hatujui. Mke wangu, aliyekuwa amesema tunaleta vyuma nyumbani, sai ndo mwenye foleni ndefu. Stima ikipotea haitushtui, taa ya sola inawekwa mezani na kazi inaendelea.

Naipa nne kwa tano. Moja nimetoa ju ya kile kikasha cha bobini, na muuzaji nilimrudia akanionyesha jamaa mwingine.

Mama alirudi nyumbani Oktoba, akaacha karatasi kwa droo, karibu mafumbo ishirini ya vipimo vya sketi ya marinda ambayo hakuna mtu hapa anaelewa, tunampigia simu kila Jumapili anatusomea. Na mkanda umeanza kuteleza tena. Kama kuna mtu anajua pale Kibuye wapi wanauza ule wa ngozi nene, si huu wa plastiki unaonyooka, aniambie kabla ya Jumapili.