MBA ya jioni hapa Dodoma, nilichopata na nilichokipinga

Kila wiki kuna mtu ananiuliza, hasa hawa wanaohamishiwa Dodoma kikazi, eti dada ile MBA ya jioni, yaani shahada ya uzamili ya biashara, uliyosoma inalipa au ni cheti tu cha kupandia daraja. Nilikuwa najibu kifupi kifupi, leo naandika yote ili nikiulizwa tena nimtumie mtu asome mwenyewe. Chuo sikitaji kwa sababu kuna mambo nitayasema si mazuri na walimu wenyewe bado wako kazini. Anayesoma hapa mjini vyuo anavijua, haya maswali ayapeleke popote anapotaka kuomba.

Mimi nilifika hapa Machi 2019, ofisi yetu ilitoka Dar kuifuata serikali. Magufuli alishatangaza 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma, 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji, na sisi wa mashirika ambao kazi yetu kubwa ilikuwa kukaa mezani na wizara tukaona Dar tunakaa bure. Darasa letu lilikuwa limejaa watu wa aina hiyo. Mtu mke na watoto wako Dar, yeye kapanga chumba na sebule Ilazo au Kisasa, akitoka kazini hana pa kwenda, anaangalia kuta mpaka usingizi uje. Nasema hivi kwa sababu ukiingia darasani ukadhani wote wamekuja kusoma biashara utawashangaa, wengi walikuwa maisha yao yamehama na wao bado hawajafika, darasa likawa ndo sehemu ya kukaa na watu. Hata mimi nilianza hivyo, Oktoba 2023.

Ratiba ilikuwa saa 11 jioni mpaka saa 2 usiku siku tatu za wiki, halafu Jumamosi asubuhi. Kama unafanya kazi Mtumba, kule mji wa serikali zilipo wizara, jipange, kutoka kule mpaka katikati ya mji ni kama kilometa 17 na saa ile wote mnatoka pamoja, wenzetu wa wizarani walikuwa wanaingia saa 12 kasoro kila siku na mwalimu alishazoea. Walimu wawili walikuwa wanatoka Dar, na tangu SGR, treni ya umeme, ianze kufika Dodoma katikati ya 2024 hilo lilitengemaa sana, kabla ya hapo mwalimu akikwama njiani Jumamosi yenu imekwenda. Pesa, mimi nimetoa zaidi ya milioni 5 ukijumlisha ada, kuprinti, nauli na gharama za utafiti, na utafiti ndo unakula kuliko unavyoambiwa mwanzoni.

Sasa nianze na kilichonifaa kweli, mwalimu wa fedha. Siku ya kwanza hakufungua slaidi, aliandika neno moja ubaoni, ALIZETI, akageuka akatuuliza inapandwa lini. Desemba, Januari. Inavunwa lini? Mei, Juni. Bei ya mbegu inakuwa chini mwezi gani? Hapo hata waliotoka Dar walijua, ni wakati wa mavuno kila mkulima anapouza kwa pamoja. Akasema haya, wewe una mashine ya kukamua, unataka ifanye kazi mwaka mzima, ina maana mbegu za mwaka mzima uzinunue Juni na Julai, niambie hela yake unaitoa wapi na utakula nini Agosti wakati hela yote imelala ghalani kwenye magunia. Kimya. Kipindi kizima tulikokotoa hilo tu, mwezi kwa mwezi, ubao ulijaa tarakimu, na mpaka tunatoka saa 2 nilikuwa nimeelewa kitu ambacho miaka kumi ya kusaini bajeti za projekti sikuwahi kukielewa, kwamba biashara inaweza kuwa na faida nzuri kabisa kwenye daftari na mwenyewe akashindwa kulipa umeme.

Wiki iliyofuata akaleta mashudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, wanalishwa mifugo. Alituuliza gharama ya kukamua gunia moja unaigawaje kati ya mafuta na mashudu, watu wote tuliibebesha mafuta yote, mashudu tukayaita mabaki. Akatuambia nendeni kwa wafugaji mkaulize kiangazi mashudu wananunuaje. Tulienda kweli, grupu letu, Jumamosi mchana na jua lile, na tuliporudi hesabu ilibadilika yote. Mwalimu kama huyo akikufundisha mihula miwili, ada yako umeshaipata. Wa sheria za kazi naye vilevile, nitarudi kwake.

Mikakati na masoko vilikuwa vizuri pale watu walipoachiwa wabishane. Kuna ule mchoro wa Boston Consulting Group wa 1970, unagawa biashara zako kwenye vyumba vinne, kimoja kinaitwa ng'ombe wa maziwa, yaani ile biashara iliyokwishakomaa, unaikamua hela upeleke kwingine na usiimwagie mtaji mpya. Mwenzetu mmoja Mgogo, kwao Mpwayungu, akanyoosha mkono akasema mwalimu, kwetu ng'ombe wa maziwa ndo anayetafutiwa majani ya kwanza kiangazi kikiingia, ukimkamua bila kumlisha mwezi wa kumi humkuti. Mwalimu akamjibu kwamba ule ni mfano tu. Mimi naona pale palikuwa na somo la muhula mzima na tulilipita kwa dakika mbili, kwa sababu mchoro unamwambia mwenye makao makuu mbali azihamishe hela, na yule mwenzetu alikuwa anaongea kama mtu anayelala zizi likiwa mlangoni. Hao ni watu wawili tofauti na kila mmoja ana hesabu zake.

Kinachonifanya niandike hii rivyuu kwa uchungu ni lugha.

Masomo ni kwa Kiingereza, hilo tunalijua, mjadala unarudi kwenye Kiswahili mwalimu akitoka. Siongelei hilo. Naongelea ile namna ya kusema ambayo ukiitia Kiingereza au Kiswahili ni ileile, wadau, mchakato, tija, ufanisi, mnyororo wa thamani, kujengewa uwezo, maboresho ya kimuundo. Neno tatizo hulisikii tena, kila kitu ni changamoto. Muhula wa kwanza niliandika kwenye asaimenti kwamba kampuni ile haikuuza kwa sababu bei yake ilikuwa juu kuliko ya jirani. Ikarudi imepigiwa mstari mwekundu, andika kitaalamu. Nikaandika upya, maana yake kwa Kiswahili ni kama mwitikio wa soko haukuwa chanya kutokana na changamoto za upangaji bei, nikapata maksi. Habari ni ileile, ila kwenye sentensi ya pili hakuna mtu. Hakuna aliyepanga bei, hakuna jirani, hakuna mteja aliyegeuza mgongo. Ukiandika hivyo miezi kumi na minane mkono unazoea, na wangu ulizoea vizuri mno, nikawa ndo naandikia grupu letu prezentesheni zote na bosi kazini akaanza kunipa barua zake nimuandikie.

Julai 2024 ofisi iliamua usafi upewe kampuni ya nje. Tulikuwa na wasafishaji wawili, mmoja mama mtu mzima, yuko nasi tangu tunafungua milango 2019, ndo aliyenionyesha soko la Majengo nilipokuwa sijui hata pa kununua mchicha. Barua zao niliandika mimi. Naikumbuka yote. Taasisi inapitia maboresho ya kimuundo ili kuongeza tija na ufanisi, katika muundo huo huduma za usafi zitaratibiwa na mdau wa nje kuanzia tarehe 1 Agosti, tunathamini sana mchango wako na tunakutakia kila la heri katika hatua inayofuata. Bosi alisoma akasema safi sana, imekaa kiungwana.

Tarehe 1 Agosti saa 12 na nusu asubuhi nafika ofisini, mama yuko getini na sare yake ameifua na kuipiga pasi, barua mkononi kwenye bahasha ya nailoni isichafuke. Akanisalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, kama siku zote, halafu akaniuliza, mwanangu, mjukuu wangu amenisomea barua mara mbili, sasa huyu mdau wa nje ndo nitaripoti kwake? Anafika saa ngapi?

Nilimwambia mama njoo ndani ukae. Nilimchemshia chai, nikakaa mbele yake, nikamwambia kazi imeisha mama, walishaajiriwa wengine, mimi ndo niliandika hiyo barua na sikuandika neno kazi imeisha popote. Hakulia. Aliniangalia tu, akasema mngeniambia mwezi uliopita ningekubali vibarua vya zabibu Hombolo, walikuwa wananiita nikawaambia nina kazi.

Ule mwezi mzima ndo ile barua ilivyomgharimu. Uungwana wa maneno yangu ulimkosesha mama wa watu kibarua.

Na hapa ndo namrudia mwalimu wa sheria za kazi, kwa sababu jioni ileile nilimfuata nje ya darasa nikamweleza. Alinionyesha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwamba ukipunguza mtu unatakiwa utoe taarifa mapema, ueleze sababu, ukae nao mjadiliane kabla haijaamuliwa, na kiinua mgongo ni angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, mpaka miaka 10. Mama alikuwa na miaka 5 iliyotimia, siku 35. Kwenye barua yangu siku 35 hazikuwepo. Nilirudi nikabishana na bosi wiki mbili, zikalipwa kwa wote wawili. Kwa hiyo nikisema chuo kilinipa mkono wa kuandikia barua ile, niseme pia kuwa chuo hichohicho kilikuwa na mtu aliyeniambia ilikosewa wapi, na alikaa nami nje gizani nusu saa wakati anasubiriwa nyumbani.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, projekti yetu ikafa ndani ya wiki chache. Nikapewa barua yangu. Sikuandika mimi, ila nilijua kila sentensi itaishiaje kabla sijaifikia, muundo, tija, mchango wako, hatua inayofuata. Nilitafuta neno kazi imeisha sikuliona. Nilikuwa na miaka 9 iliyotimia, nikahesabu siku zangu 63 mwenyewe kwa kalamu pembeni ya karatasi kabla sijamwambia mtu yeyote nyumbani.

Watu walinipa pole, darasani wakasema ni fursa. Nilikuwa na miaka 41, ada ya muhula wa mwisho sijamaliza, na asubuhi ya kwanza bila kazi nilioga, nikavaa, nikakaa kwenye kochi na pochi mapajani mpaka saa 4. Hakuna kosi inayofundisha ile asubuhi na sidhani kama chuo kinaweza. Kilichonisaidia ni daftari la yule mwalimu wa fedha. Nililitoa nikarudia lile zoezi la alizeti, safari hii kwa hela zangu, kiinua mgongo pamoja na mgao wa kikoba, mwezi kwa mwezi mpaka Februari. Mwenzangu wa darasani alikuwa na mashine Kizota inakaa bila kazi miezi mitano kwa mwaka kwa kukosa mbegu. Juni tulienda Kongwa na Kibaigwa tukanunua magunia kadiri hela ilivyoruhusu. Gunia moja kwetu linatoa lita 15 mpaka 18 kutegemea mbegu, mafuta yanalipa mbegu na umeme, kilichonilipa mimi ni mashudu. Kama alivyosema yule mwalimu.

Mambo mengine nayapita haraka. Maktaba ni ya kawaida, intaneti inakata. Vikundi vya asaimenti, mtegemee mtu mmoja abebe wanne. Kubwa ni usimamizi wa utafiti, supavaiza wangu alikaa na sura mbili miezi minne bila neno, nikiuliza naambiwa mchakato unaendelea. Ningetakiwa kumaliza Aprili, nilimaliza Novemba. Kabla hujalipa uliza kila msimamizi ana wanafunzi wangapi, wakikuzungusha jibu ondoka.

Nyota 3 kati ya 5, na mbili kati ya hizo ni za wale walimu wawili. Kama una biashara tayari au una ya kuanza, nenda, na omba uingie kipindi kimoja cha fedha kabla hujajisajili. Kama unataka cheti cha kupanda daraja, kipo, utakipata. Ukianza kuandika sentensi zisizo na watu ndani, irudie barua yako kabla hujaisaini.

Februari mwaka huu mbegu zetu ziliisha. Tuna vijana wawili pale mashineni, nikawaandikia barua kila mmoja yake. Mbegu zimeisha. Kazi inasimama tarehe 20 Februari. Mshahara wako mpaka siku hiyo ni huu, upo kwenye bahasha, uhesabu mbele yangu. Tutaanza tena Juni na wewe ndo nitakupigia kwanza. Yule mdogo aliisoma amesimama, akahesabu, akauliza swali moja, dada, Juni mwanzoni au mwishoni, nataka nikalime kwetu kwanza. Nikamwambia tarehe 10, Kongwa wakiwahi kuvuna nitakupigia kabla.