Antena za king'amuzi hapa Tabora: nunua ya kawaida, pesa peleka kwenye bomba na waya

Kabla hujauliza bei ya antena yoyote, toka nje uangalie za majirani zimeelekea wapi. Hapa mtaani kwetu Ng'ambo karibu zote zimetazama upande mmoja, na hiyo ni ramani tosha, tena ya bure. Angalia na vijiti vyake: vimelala au vimesimama? Mtambo ukirusha mawimbi ya kulala halafu wewe ukasimamisha vijiti, umejinyima sehemu kubwa ya mawimbi hata kama antena yako ni ya bei mbaya.

Mimi nilikuwa fundi wa mawasiliano reli mpaka nikastaafu, kwa hiyo nguzo na waya ndivyo vilivyonilea. Tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na baadaye zamu yetu ikafika, kila jirani akinunua king'amuzi jioni yake naitwa. "Shikamoo baba, njoo utuangalizie, inasema hakuna mawimbi." Nimepanda mabati ya watu wengi. Ila antena tatu nimezijaribu kwangu, kwa king'amuzi kilekile na TV ileile, na hizo ndizo ninazozieleza.

Moja kwanza kuhusu maboksi. Dukani kila boksi limeandikwa ni antena ya digitali, na bei inapanda kwa sababu hiyo. Antena haijui analojia wala digitali. Inakamata mawimbi ya masafa fulani, basi. Kazi ya kutafsiri ni ya king'amuzi, nacho kiwe cha antena, yaani DVB-T2, maana cha dishi hata ukichomeka antena hakitaonyesha kitu. Unachotakiwa kujali ni kama antena ni ya UHF. Nilienda madukani na futi kamba ya mama watoto, muuza duka akacheka, lakini kipimo hakidanganyi: masafa ya TV za digitali yako kati ya megahezi 470 na 694, na vijiti vinavyoyafaa vina urefu wa kama sentimita 22 hadi 32. Ukiona antena ina mikono mirefu ya sentimita 75 na kuendelea, hiyo ni ya VHF, ya enzi zile za chenga. Na kama juu ya bati lako tayari kuna ya zamani yenye vijiti vifupi na haijaliwa na kutu, usinunue kitu. Badilisha waya tu.

Sasa hizo tatu.

Ya ndani, ile bapa kama karatasi ngumu, kijana wangu aliileta kutoka Dar es Salaam akiisifia. Huko kwake ghorofani, mtambo hauko mbali, inamtosha. Hapa kwangu nyumba ni tofali za kuchoma na bati juu, na bati hairuhusu mawimbi ya UHF kupita. Niliibandika dirishani upande wa mtambo ikashika TBC1 na ITV vizuri tu, mpaka mjukuu akapita kwenda jikoni: msomaji wa habari akaganda mdomo wazi. Analojia ingekupa chenga ukaendelea kusikiliza. Digitali haina huruma hiyo, ukishuka chini kidogo ya kiwango picha inakatika vipande vya mraba, sauti inakwaruza, kisha giza. Kwa chumba cha kupanga ambako mwenye nyumba hataki mtu kwenye bati lake, ijaribu. Vinginevyo hapana.

Ya pili ni hii iliyoteka mji, yenye mota na rimoti, inazunguka yenyewe juu ya nguzo, na busta, yaani kikuza mawimbi, iko ndani yake. Ni ya jirani yangu, nikaiazima. Boksi linaahidi kilomita mia tatu. Tupige hesabu kidogo: mlingoti wa kurushia ukiwa na mita 100 na antena yako ikiwa mita 9 juu ya ardhi, umbo la dunia lenyewe linaanza kukuziba kwenye kama kilomita 54. Baada ya hapo ni kubahatisha. Mtu wa Sikonge au Urambo akiuziwa hii kwa ahadi ya kunasa mawimbi ya Tabora mjini, pesa yake imekwenda. Na hapa mjini mota ya nini? Mtambo hauhami. Unaelekeza mara moja, unakaza nati, unashuka.

Kilichonishangaza zaidi ni busta. Nilipoichomeka, mstari wa nguvu kwenye menyu ya king'amuzi ukajaa wote, jirani akapiga makofi. Mstari wa ubora ukaporomoka, na chaneli mbili zikapotea. Sisi tuko karibu na mtambo, mawimbi yanatosha, busta inayakuza kupita kiasi mpaka king'amuzi kinapaliwa. Ukiambiwa uangalie mstari mmoja tu, angalia wa ubora. Ule wa nguvu unafurahisha macho. Halafu busta inadai soketi yake ya umeme. Shemeji yangu kule Kwihara anaangalia TV kwa sola, kila kitu chake ni cha volti 12, hiyo adapta angeichomeka wapi? Busta ina mahali pake: nyumba iliyo mbali, au waya mrefu sana, na hapo inafungwa juu karibu na antena, si nyuma ya TV, maana ukikuza mawimbi baada ya waya kuyachafua umekuza uchafu pamoja.

Ya tatu ni Yagi ya kawaida, mfupa wa samaki wa alumini wenye vijiti kumi na kitu, haina umeme wala mbwembwe. Niliinunua karibu na soko kuu shilingi 25,000 baada ya kuvutana. Ndiyo iliyoko juu ya bati langu sasa. Ubora ulisimama kwenye themanini na kitu na umebaki hapo. Kabla ya kulipa nilifungua kile kiboksi cha plastiki ambapo waya unaingia, na nakushauri ufanye hivyo hivyo. Ndani kuna kipande kidogo cha saketi kinachounganisha kijiti na waya. Nyingine nilizofungua lehemu ilikuwa imeshikilia kwa kudra ya Mungu, nyingine skrubu tayari zina kutu zikiwa bado dukani. Chagua yenye mfuniko unaofunga kwa mpira, na ukifunga juu, mdomo wa kiboksi utazame chini.

Kwenye waya ndipo nilipogombana na kijana wa dukani, kwa upole lakini. Alinipa waya wa antena mweupe, mzuri kwa macho. Nikaomba wembe nikachuna ncha. Ndani ya ganda, ule wavu wa kuzunguka ulikuwa nyuzi chache mno, unazihesabu bila miwani, na karatasi ya fedha chini yake haikukutana pande mbili. Waya wa hivyo unavuja mawimbi na kuingiza kelele za kila bodaboda inayopita. "Mzee wangu, wote wananunua huu." Sawa mwanangu, nipe ule mwingine. Ule mwingine ulikuwa RG6, mnene kidogo, wavu umeshona, na kwa mita kumi unapoteza kama desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) moja na nusu tu kwa masafa haya. Ununue mzima kutoka antena mpaka king'amuzi, bila kiungo. Waya uliosokotwa katikati na kufungwa selotepu ndio ugonjwa ninaoukuta nyumba nyingi kuliko wowote, na watu wakishakuwa nao wanakimbilia busta. Waya ukifika ukutani uache ushuke kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia ndani, maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya mpaka kwenye king'amuzi.

Nguzo nayo. Wengi wanafunga antena kwenye boriti, nusu mita juu ya bati. Mimi niliweka bomba la chuma la inchi moja na nusu, likavuka paa la jirani na, muhimu kuliko vyote katika mji huu, likavuka mwembe. Tabora tunajivunia miembe yetu, haki yetu, ila majani yaliyolowa ni ukuta kwa UHF. Mvua yenyewe, Novemba mpaka Aprili, haisumbui antena kama inavyosumbua dishi. Dishi likipigwa na wingu zito picha inaondoka, sisi wa antena tunaendelea kutazama. Lakini mwembe ukiwa mbele ya antena na mvua imenyesha usiku, asubuhi utadhani king'amuzi kimekufa. Kata tawi ukiruhusiwa, au ongeza bomba, au sogeza nguzo kona nyingine ya nyumba. Mita mbili pembeni nimeona zikiokoa nyumba nzima kule Isevya.

Bomba, waya na fundi wa kuchomea vilinigharimu zaidi ya mara mbili ya bei ya antena yenyewe, na mama watoto aliuliza maswali. Bomba hilo limeunganishwa kwa waya wa shaba mpaka kwenye chuma nilichokizamisha ardhini, kwa sababu ya radi, na radi ikianza kunguruma bado nachomoa waya wa antena na wa umeme vyote viwili. Kijana wa dukani kaniambia waya ule wa wavu mzuri unaisha haraka, basi ukiukuta nunua mita zako zote siku hiyohiyo, pamoja na jeki mbili za kusokota, si zile za kubana kwa meno.